Rais Mstaafu Kwenye Foleni ya Uhamiaji

Usiku wa Novemba 15, 2011, gari la wagonjwa liliingia uwanja wa ndege wa Manila likiwa na abiria ambaye mwaka mmoja na ushei kabla ya hapo alikuwa akipita pale kwa saluti. Gloria Macapagal Arroyo, rais wa Ufilipino kuanzia 2001 hadi 2010, alishushwa akiwa kwenye kiti cha magurudumu, shingo imeshikiliwa kwa kifaa cha kitabibu na uso umefunikwa barakoa. Mumewe alikuwa naye. Zaidi ya tiketi, walikuwa na amri ya Mahakama ya Juu, iliyotolewa siku hiyo hiyo kwa kura 8 dhidi ya 5, kusimamisha zuio la serikali la kumzuia asitoke nchini. Maofisa wa uhamiaji walikataa kumpitisha, na nchi nzima ikashuhudia kwenye televisheni.

Waziri wa Sheria, Leila de Lima, ndiye aliyeagiza asiruhusiwe. Hoja yake ya usiku ule ilikuwa kwamba serikali haijapokea nakala rasmi ya amri ya mahakama. Arroyo alirudishwa hospitalini. Mawakili wake walipaza sauti kwamba serikali imeikaidi mahakama ya juu kabisa ya nchi, na walikuwa na haki ya kusema hivyo. Wafilipino wengi nao walishangilia, nao walikuwa na sababu zao.

Kwa mgeni, kisa hiki kingeweza kuonekana kuwa ugomvi wa rais mpya na rais wa zamani, basi. Wenyeji waliona zaidi, kwa kuwa uwanja ule unaitwa Ninoy Aquino, na rais aliyekuwa madarakani usiku ule, Benigno Aquino wa Tatu, ni mwana wa mtu huyo.

Ninoy Aquino hakuwa kiongozi aliyetuhumiwa kwa rushwa. Alikuwa seneta, mpinzani mkuu wa Ferdinand Marcos, na mwaka 1977 mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo. Machi 1980 alipata mshtuko wa moyo akiwa gerezani. Mei mwaka huo Imelda Marcos, mke wa rais, alimfuata hospitalini na habari ambayo hakuna aliyeitarajia: anaweza kwenda Marekani kufanyiwa upasuaji. Alipasuliwa Dallas, akapona, kisha akabaki huko miaka mitatu akihutubia watu dhidi ya Marcos. Agosti 21, 1983 alirudi Manila na kupigwa risasi mara tu aliposhuka kwenye ndege. Miaka minne baadaye uwanja ukapewa jina lake.

Kwa hiyo ruhusa ya kwenda kutibiwa ng'ambo ina historia yake Ufilipino. Hata dikteta aliwahi kumpa mfungwa aliyehukumiwa kifo. Hesabu ya Marcos haikuwa ya huruma peke yake, maana mpinzani anayefia gerezani ni mzigo, na mpinzani aliye mbali ni nafuu. Lakini mfano ulishawekwa, na kila kiongozi wa baadaye aliyetakiwa na mahakama alijua pa kuanzia: moyo, mgongo, au goti.

Miaka sita baada ya ruhusa ile mambo yalipinduka. Februari 25, 1986, umati ulipojaa barabara za Manila, Marcos na familia yake waliondoka kwa ndege za jeshi la Marekani, wakaishia Hawaii. Sasa swali lilikuwa kinyume. Mwaka 1989 Marcos, akiwa mgonjwa sana, aliomba kurudi kufia nyumbani. Rais Corazon Aquino, mjane wa Ninoy, alikataa. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na Septemba 15, 1989 majaji waligawanyika 8 kwa 7: serikali inaweza kumzuia. Marcos alifariki Honolulu siku 13 baadaye.

Hukumu ile iliwaudhi wengi, wakiwemo watu ambao hawakuwa na chembe ya mapenzi kwa Marcos. Iliamua kwamba haki ya kurudi nchini si sawa na haki ya kusafiri iliyoandikwa kwenye katiba, na ikampa rais nafasi pana ya kuamua nani ni hatari kwa nchi. Mtu anaweza kuitetea kwa mazingira ya wakati ule, maana serikali ya Corazon Aquino ilikuwa imekwisha kunusurika majaribio kadhaa ya mapinduzi. Hata hivyo ilikuwa hukumu iliyokiweka kitasa cha mlango wa nchi mkononi mwa mwanasiasa, na wanasiasa hubadilika.

Imelda aliruhusiwa kurudi mwaka 1991, akakuta kesi zinamsubiri. Alipopatikana na hatia katika baadhi yake, na rufaa zikiwa zinaendelea, aliomba ruhusa ya kwenda ng'ambo kuchunguzwa moyo na shinikizo la damu. Mahakama maalumu ya kesi za ufisadi, Sandiganbayan, haikuridhika na vyeti vya daktari wake. Iliomba maoni ya madaktari bingwa wa Kituo cha Moyo cha Ufilipino, nao wakaona kwamba vipimo na tiba anavyohitaji vinapatikana Manila. Ombi likakataliwa, na mwaka 1995 Mahakama ya Juu ikaunga mkono uamuzi huo.

Hospitali ile ya moyo ilijengwa mwaka 1975 kwa juhudi za Imelda mwenyewe. Alipokuwa madarakani aliisifia kuwa fahari ya Asia. Ndiyo hospitali ambako Ninoy alilazwa kabla ya kupelekwa Dallas, na ndiyo ambayo madaktari wake, karibu miaka kumi na mitano baadaye, walimwambia mlezi wao wa zamani kwamba hana sababu ya kupanda ndege. Katika mlolongo wote huu hakuna utaratibu uliokuwa safi kuliko huo: mwombaji ana daktari wake, mahakama inatafuta madaktari wengine, jaji anaamua.

Joseph Estrada alipata jibu tofauti. Aliondolewa urais Januari 2001 na kukamatwa Aprili mwaka huo kwa kosa la kupora mali ya umma, kosa ambalo sheria ya Ufilipino inaliweka kwenye kiwango cha kuanzia peso milioni 50. Goti lilimsumbua kwa miaka, naye aliomba mara kwa mara kutibiwa nje. Desemba 2004 Sandiganbayan ilimruhusu kwenda Hong Kong. Wapo waliobashiri kwamba hatarudi. Alipasuliwa, akarudi kizuizini, kesi ikaendelea, na Septemba 2007 akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwezi uliofuata alisamehewa na rais aliyechukua kiti chake, naye ni Gloria Arroyo.

Tukirudi Novemba 2011, inafaa kutazama kwa makini ni zuio gani lilimkwamisha Arroyo. Katiba ya mwaka 1987 inasema haki ya kusafiri haiwezi kupunguzwa ila kwa maslahi ya usalama wa taifa, usalama wa umma au afya ya umma, kama sheria itakavyoelekeza. Arroyo alikuwa bado hajashitakiwa mahakamani. Kulikuwa na malalamiko na uchunguzi, wa wizi wa kura na wa fedha za umma. Kilichomzuia kilikuwa orodha ya wizara, iliyotokana na waraka namba 41 wa Wizara ya Sheria, uliompa waziri uwezo wa kumzuia mtu kutoka hata kabla ya mashitaka. Waraka huo ulitiwa saini Mei 25, 2010, wiki chache kabla ya serikali ya Arroyo kumaliza muda wake, na aliyeusaini ni kaimu waziri wake mwenyewe, Alberto Agra. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

De Lima alikuwa na hofu zake, na hazikuwa za kubuni. Arroyo alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mifupa ya shingo mara tatu mwaka huo katika hospitali ya St. Luke's, lakini Waziri wa Afya aliona kwamba anaendelea vizuri. Orodha ya nchi ambako Arroyo alisema atatibiwa ilikuwa ndefu, na baadhi yake, kwa maelezo ya wizara, hazina mkataba wa kurejeshana watuhumiwa na Ufilipino. Serikali ilijitolea hata kumletea bingwa yeyote anayemtaka kutoka nje, kwa gharama ya serikali. Familia haikukubali.

Tena mfano mbaya ulikuwa bado mbichi jirani tu. Agosti 2008 mahakama ya Thailand ilimruhusu waziri mkuu wa zamani, Thaksin Shinawatra, aliyekuwa na kesi ya ununuzi wa kiwanja Bangkok, kwenda Beijing kutazama Olimpiki. Kutoka Beijing yeye na mkewe walipanda ndege ya London. Oktoba akahukumiwa miaka 2 jela bila kuwepo, na hakukanyaga tena ardhi ya nchi yake hadi Agosti 2023.

Wasomaji wa Tanzania nao wana kisa kinachokaribiana, ingawa hakikuwa cha kukimbia. Gavana wa Benki Kuu, Daudi Ballali, alikuwa Marekani kwa matibabu pale uteuzi wake ulipotenguliwa Januari 2008, baada ya ukaguzi wa akaunti ya madeni ya nje (EPA) kubaini malipo yasiyo halali ya zaidi ya shilingi bilioni 130. Alifariki huko huko Mei mwaka huo, hajawahi kufikishwa mahakamani wala kuhojiwa hadharani. Uvumi uliomfuata hadi kaburini na baada ya kaburi ulikuwa mkubwa kuliko ushahidi wowote. Ugonjwa wa kweli nao huacha shaka pale nchi inapokosa utaratibu unaoeleweka wa kusikiliza upande wa mgonjwa.

Mahakama ya Juu ya Ufilipino, katika amri yake ya Novemba 15, ilijaribu kuweka utaratibu huo: Arroyo aweke dhamana ya peso milioni 2 taslimu, ateue mwakilishi wa kupokea hati za mahakama kwa niaba yake, na ajiripoti kwenye ubalozi wa Ufilipino popote atakapokuwa. Ni masharti ambayo mtu anaweza kuyacheka. Peso milioni 2 ni kitu gani kwa familia iliyotawala miaka tisa? Lakini ni masharti ya kimahakama, yanayoweza kukazwa, na serikali ilikuwa na nafasi ya kurudi kwa majaji kuomba yakazwe. Badala yake ilisimama mlangoni.

Kisha ikakimbia mbio. Novemba 18, siku tatu baada ya tukio la uwanjani, tume ya uchaguzi ilifungua mashitaka ya kuhujumu uchaguzi wa 2007 katika mahakama ya Pasay, na jaji akatoa hati ya kukamatwa siku hiyo hiyo. Arroyo aliwekwa chini ya ulinzi akiwa kitandani. Kasi hiyo ndiyo inayoihukumu serikali kuliko ukaidi wake: kama mashitaka yangeweza kufunguliwa Novemba 18, yangeweza kufunguliwa Oktoba, na suala zima la safari lingekuwa mikononi mwa jaji tangu mwanzo.

Yaliyofuata yaligeuka msumeno unaokata pande zote. Jaji Mkuu Renato Corona, aliyeteuliwa na Arroyo, alishitakiwa bungeni, na amri ile ya kuruhusu safari ilikuwa mojawapo ya hoja dhidi yake. Aliondolewa Mei 2012. Arroyo alipata dhamana Julai 2012, kisha Oktoba akakamatwa tena kwa tuhuma za uporaji wa peso milioni 366 za shirika la bahati nasibu ya taifa, akakaa hospitali ya maveterani hadi Julai 2016, Mahakama ya Juu ilipoifuta kesi kwa kura 11 dhidi ya 4. Miaka miwili baadaye akawa Spika wa Bunge.

Na De Lima? Alikuwa seneta pale alipokamatwa Februari 2017, chini ya utawala wa Rodrigo Duterte, kwa mashitaka ya dawa za kulevya aliyoyakana tangu siku ya kwanza. Alikaa kizuizini karibu miaka saba, akatoka kwa dhamana Novemba 2023, na kesi ya mwisho ikafutwa Juni 2024.

Aprili 17, 2018, De Lima akiwa mahabusu, Mahakama ya Juu ilitoa hukumu ya mwisho katika kesi iliyobeba jina lake kama mdaiwa. Waraka namba 41 ni kinyume cha katiba, ilisema. Waraka wa wizara si sheria iliyopitishwa na Bunge, na waziri hana uwezo wa kumfungia raia nchini kwa kalamu yake. Mahakama haikuishia hapo. Mwaka huo huo ilitunga kanuni mpya: mwendesha mashitaka anaweza kumwomba jaji amri ya tahadhari ya kumzuia mtuhumiwa asiondoke hata kabla ya mashitaka, ikiwa kosa lina adhabu isiyopungua miaka 6 na siku 1, na ikiwa jaji ataridhika kwamba kuna sababu za msingi na uwezekano mkubwa wa mtu kutoroka. Mtuhumiwa naye anaweza kuomba amri hiyo iondolewe kwa muda, kwa dhamana.

Kanuni hiyo ni bora kuliko chochote kilichoitangulia. Inamtaka mwenye hofu alete ushahidi wa hofu yake, na inamwacha mgonjwa wa kweli na mtu wa kumwendea asiye hasimu wake wa kisiasa. Udhaifu wake ni kwamba lazima kuwe na anayeamka mapema kuomba.

Mwaka 2025, kashfa ya miradi ya kuzuia mafuriko ilipolipuka, mbunge Zaldy Co, aliyewahi kuongoza kamati ya matumizi ya fedha bungeni, alikuwa tayari ng'ambo, kwa matibabu, kama ilivyoelezwa. Alipoondoka hakukuwa na mashitaka yoyote dhidi yake. Septemba, Spika mpya Faustino Dy alimfutia ruhusa ya kusafiri na kumpa siku 10 awe amerudi. Co, ambaye amekana tuhuma, alijiuzulu ubunge akiwa huko huko. Hati ya kukamatwa ilitoka Novemba. Desemba pasipoti yake ikafutwa, na aliyetangaza ni Rais Ferdinand Marcos Mdogo.