Mfumo mbadala wa simu: Chunguza haya kabla ya kuflashi

SIMU nyingi za Android huachwa na kampuni zilizozitengeneza zikiwa bado nzima: masahihisho ya usalama hukoma na programu mpya hugoma kufunguka. Njia mojawapo ya kuziongezea uhai ni kuziwekea mfumo endeshi mbadala, kazi ambayo mafundi huiita kuflashi. Hata hivyo, si kila mfumo unaopatikana kwenye intaneti unafaa kuaminiwa.

Jambo la kwanza ni kujua nani anautunza. CyanogenMod, uliokuwa maarufu miongoni mwa mifumo hiyo, ulisitishwa Desemba 2016 baada ya kampuni ya Cyanogen kufunga huduma zake. Wanaprogramu wa kujitolea waliiendeleza kazi hiyo kwa jina la LineageOS. Mfumo ambao haujapata masahihisho kwa miezi mingi hauna mlinzi, hata kama unawaka vizuri.

Pili, mfumo uwe umetengenezwa kwa modeli hiyohiyo ya simu. Jina moja la biashara huweza kubeba modeli kadhaa zenye vichakataji tofauti. Hivyo namba kamili ya modeli ndiyo ya kufuatwa. Faili lichukuliwe kwa watengenezaji wenyewe, na alama yake ya uhakiki ilinganishwe na waliyoitangaza.

Tatu ni namba ya IMEI. Juni 16, 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu bandia kwa kutumia namba hizo. Kuflashi vibaya huweza kuifuta IMEI, na simu ikakosa mtandao. Mwenye simu apige *#06#, aiandike namba hiyo, kisha ailinganishe baada ya kazi kukamilika.

Nne ni fedha. Baadhi ya programu za benki hukataa kufanya kazi katika simu iliyobadilishwa mfumo. Huduma za menyu, kama M-Pesa kupitia *150*00#, hutegemea laini na huendelea kupatikana mradi mtandao upo.

Kufungua kufuli la mfumo wa awali hufuta kila kitu kilichomo, hivyo picha, namba na nyaraka zihifadhiwe kwingine kwanza. Faili la mfumo wa awali wa modeli hiyo nalo liwe tayari kwenye kompyuta, ili simu ikigoma kuwaka irudishwe ilivyokuwa.

Tahadhari hiyo ina uzito zaidi katika maeneo kama Kolo, wilayani Kondoa, zaidi ya kilomita 150 kutoka Dodoma mjini. Huko, simu iliyokufa huweza kumlazimu mwenyewe kusafiri kumtafuta fundi, huku akikosa mawasiliano na fedha zilizomo katika laini. Fundi asiyeweza kueleza mfumo ameutoa wapi na ataurudishaje wa awali, asikabidhiwe simu.