Mkono Utoao na Mkono Utwaao

Somo: Luka 19:1-10



Sisi tukaao Kiambere twauona Mto Tana kila siku. Tangu mwaka 1988 maji yake yamekuwa yakitoa umeme katika bwawa letu. Lakini zamani kabla ya bwawa, wengine waliutamani mto huu. Mwaka 1891 meli ndogo ya moshi iitwayo Kenia iliingia Tana kutoka pwani, ikapanda mbali sana, ikitafuta njia ya biashara ya kuelekea Mlima Kenya. Kufika kwetu huku juu haikuweza. Mwenye meli alikuwa ni Kampuni ya Kifalme ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, na mkuu wa Kampuni hiyo alikuwa William Mackinnon. Leo tutafakari maisha yake.

Mackinnon alizaliwa mwaka 1823 huko Campbeltown, Scotland. Alianza na kazi ya duka, tena duka la vyakula tu. Mwaka 1847 akaenda India kufanya biashara, na mwaka 1856 yeye na wenzake wakaanzisha kampuni ya meli. Meli hizo zikaongezeka hata zikawa miongoni mwa nyingi kuliko zote duniani, na mwaka 1872 zikaanza kuleta barua Unguja. Tajiri huyu hakuwa mbunge, lakini alijua kuzungumza na Sultani Barghash, na Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na mawaziri wa Uingereza. Mwaka 1888 Malkia Victoria akaipa Kampuni yake hati ya kutawala nchi hizi zetu.

Tena alikuwa mtu wa kanisa, naye alitoa. Tarehe 1 Januari 1889, huko Rabai karibu na Mombasa, watumwa karibu 1,400 waliokuwa wamekimbilia misheni walipewa karatasi za uhuru. Fedha za kuwakomboa zilitoka kwa Kampuni, serikali ya Uingereza na misheni. Ilikuwa siku kuu ya furaha. Mwaka 1891 Mackinnon na wenzake wakatoa fedha tena, ili misheni ya Kiskoti ianzishwe Kibwezi, katika Ukambani.

Lakini, ndugu zangu, tuutazame na mkono wa pili. Pale Rabai, fidia walipewa mabwana wa watumwa. Yule aliyefanya kazi miaka mingi bila ujira alipata karatasi. Na huko Dagoretti watu wa Kampuni walinyang'anya vyakula katika mashamba ya Wakikuyu, mpaka urafiki ukageuka kuwa vita. Mwaka 1892 Waiyaki wa Hinga, mzee aliyekuwa amefanya mapatano na Kampuni, alikamatwa akapelekwa pwani chini ya ulinzi. Hakufika. Alifia njiani, akazikwa Kibwezi.

Kibwezi! Mahali pale pale ambapo mkono mmoja ulijenga nyumba ya Injili, mkono wa pili ulichimba kaburi. Mackinnon alikuwa mbali Uingereza, wala hakumgusa Waiyaki. Lakini Kampuni ilikuwa yake.

Yeye alifariki London mwaka 1893. Kampuni haikupata faida, na mwaka 1895 ikaikabidhi nchi kwa serikali ya Uingereza. Ile misheni ilisumbuliwa sana na homa, na mwaka 1898 ikahamia Kikuyu, pale Thogoto. Huko Mungu aliikuza, hata leo kuna kanisa, shule na hospitali. Mungu hakuitupa sadaka ile. Lakini tusidhani kwamba sadaka ililifuta kaburi.

Sasa tumtazame Zakayo. Naye alikuwa tajiri, tena mkubwa wa watoza ushuru. Yesu alipoingia nyumbani mwake, Zakayo aliahidi mambo mawili. La kwanza, nusu ya mali yake iwe ya maskini. La pili, kila aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Jambo la kwanza sisi Wakristo twalipenda, maana hutangazwa kwenye harambee, na watu hupiga makofi. La pili ni zito. Latutaka twende mlangoni kwa mtu fulani, tumtaje jina, tumlipe.

Je, kibarua aliyelima shamba letu mwezi uliopita amelipwa? Mpaka tuliousogeza usiku tumeurudisha? Mjane aliyetukopesha mbuzi bado angoja? Kama ndivyo, bahasha ya Jumapili haitoshi. Tuitoe, ndiyo, lakini tupitie kwanza kwa yule mjane.

Tuombe. Ee Bwana, uliyeingia nyumbani mwa Zakayo, ingia na kwetu. Ichunguze mikono yetu yote miwili, ule utoao na ule utwaao. Utupe ujasiri wa kurudisha. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.