Nyoka wa Profesa Jameson

Mwaka 1938, Uganda Society ilichapisha mjini Kampala kitabu cha C. R. S. Pitman, A Guide to the Snakes of Uganda. Pitman alikuwa Bwana Nyama wa Uganda tangu 1925, ofisi yake ikiwa Entebbe, na maelezo yake yalikwisha kutoka kipande kwa kipande katika jarida la chama hicho, Uganda Journal. Miongoni mwa nyoka aliowaeleza yumo mmoja wa mitini, mwembamba, wa kijani kilichofifia, ambaye akikua hupita urefu wa mtu. Mpaka leo huonekana Kampala na Entebbe, hasa penye bustani zenye miti mikubwa, akiwinda ndege. Sumu yake hushika mishipa ya fahamu, na aliyeumwa huweza kufa kwa kukosa pumzi.

Waingereza humwita Jameson's mamba. (Msomaji asimfikirie yule wa mtoni. Jina hilo la nyoka limetoka kwa Wazulu. Kwa Kiswahili nyoka wa jamii hiyo huitwa hongo au koboko.)

Huyo Jameson hakuwa mtu wa Afrika hata kidogo. Robert Jameson alifundisha elimu ya viumbe katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, tangu 1804 hadi alipofariki 1854. Charles Darwin alipita mikononi mwake akiwa kijana, na mihadhara ile ilimchosha kupita kiasi. Mwaka 1843, Thomas Traill, daktari na mwalimu wa chuo hichohicho, alieleza nyoka ambaye sayansi ilikuwa haijampa jina, akamwita Elaps jamesoni kwa heshima ya mwenzake. Heshima si neno. Tatizo ni kwamba Traill aliandika kuwa nyoka huyo ametoka Demerara, katika Guyana ya leo, Amerika Kusini, ambako hakuna hongo hata mmoja! Wakati ule maiti za wanyama zilisafiri melini ndani ya chupa za pombe kali, zikipita kwa wafanyabiashara na wakusanyaji kadhaa, na karatasi iliyobandikwa kwenye chupa ndiyo iliyokuwa shahidi pekee.

Mwaka huohuo wa 1843 ilitoka tafsiri ya Traill ya kitabu cha nyoka cha Hermann Schlegel, mtaalamu wa Leiden, Uholanzi. Na ni Schlegel aliyeunda, miaka mitano baadaye, jenasi ya Dendroaspis, kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya nyoka wa sumu wa mitini. Jamesoni akahamishiwa humo. Kwa kanuni za wataalamu wa wanyama, jina la kwanza hudumu hata kama mtoaji alikosea nchi. Ndiyo maana vitabu huandika Traill, 1843, ndani ya mabano, alama ya kwamba jenasi imebadilishwa.

Ilibidi kungoja hadi 1936 ndipo nyoka huyu apewe jina la mahali anapoishi kweli. Arthur Loveridge, aliyewahi kufanya kazi katika makumbusho ya Nairobi kabla ya kwenda Harvard, alitambua kwamba hongo wa msitu wa Kaimosi, magharibi mwa Kenya, wana mkia mweusi, ilhali wenzao wa Afrika Magharibi mkia wao ni wa manjano. Akawaita kaimosae. Wale wa Kampala ni wa kundi hilo la mkia mweusi, na kwa maoni yangu neno hilo la mwisho lina faida kuliko yote yaliyotangulia: angalau lilitolewa na mtu aliyejua nyoka wake ametoka wapi.