Mcheza Kriketi Aliyezikwa Ibambi

Mtu wa Korogwe wa rika langu akisikia neno kriketi anawaona watoto wa Wahindi wenye maduka, jioni, kiwanja cha vumbi, gongo la mbao na mpira mgumu kama jiwe. Sisi wa kambi za mkonge tulisimama pembeni kuokota mpira ukivuka barabara. Gongo hatukushikishwa. Basi nilipokutana kitabuni na habari za Charles Thomas Studd, Mwingereza aliyeutupa mchezo huo akaenda kuzikwa Kongo, nilisoma kwa kijicho kidogo, nakiri. Na tangu hapo nabishana naye kichwani.

Studd alizaliwa 1860, mtoto wa tajiri. Utajiri wenyewe baba yake, Edward, aliuchuma Tirhut, kaskazini ya Bihar, India, kwenye mashamba ya nili, ule mmea wa rangi ya buluu. Hapo mtoto wa mkonge lazima asimame. Wakulima wa kule walibanwa watenge sehemu ya ardhi kwa ajili ya nili, watake wasitake. Ni kwa ajili yao Gandhi alikwenda Champaran, upande huohuo wa Tirhut, mwaka 1917. Babu yangu hakulima nili. Yeye alitoka Handeni kwa miguu kuja Korogwe kukata mkonge, maana kodi ya kichwa haikulipwa kwa mahindi. Lakini angewaelewa wale watu wa Bihar bila mkalimani.

Turudi uwanjani. Mwaka 1882 Studd, akiwa bado mwanafunzi wa Cambridge, aliwapiga Waaustralia mikimbio mia na zaidi mara mbili, katika mechi mbili tofauti. Mwezi Agosti akachaguliwa kuichezea Uingereza dhidi yao, uwanja wa The Oval, London. Uingereza ilihitaji mikimbio 85 tu ishinde. Wakaanza kutetemeka. Studd, mpigaji hodari, akawekwa nyuma, wa kumi, na alipoingia hakuletewa hata mpira mmoja. Alisimama upande wa pili na gongo lake, anaangalia, mpaka mwenzake wa mwisho akatolewa. Walishindwa kwa mikimbio saba. Gazeti moja likaandika kwa utani tangazo la kifo cha kriketi ya Uingereza: maiti itachomwa, majivu yapelekwe Australia. Mpaka leo nchi hizo mbili zinagombea hayo Majivu.

Mwaka 1885 akaacha yote, akaenda China kuwa mmisionari. Alipotimiza miaka 25 urithi ukamfikia, pauni 29,000 hivi, pesa ya kutisha kwa wakati ule. Akaigawa. Elfu tano kwa mhubiri Moody, elfu tano kwa George Müller wa mayatima, nyingine kwa maskini wa London, elfu tano nyingine kwa Jeshi la Wokovu lililokuwa India. Iliyobaki alimpa mchumba wake, Priscilla, na yeye akaitoa pia! Wangapi wetu tungethubutu? Hata hivyo nauliza: iliyokwenda India ilikwenda kuhubiri. Wale walioshika jembe la nili walirudishiwa nini?

Baada ya China na India, akiwa na miaka 52 na mwili wa maradhi, mwaka 1913 alielekea Kongo ya Wabelgiji kwa kupitia pwani yetu ya Afrika Mashariki na Uganda. Alirudi Uingereza mara moja, akaondoka tena 1916, mwaka uleule ambao majeshi ya Smuts yaliingia Korogwe na Handeni mwezi Juni, na wapagazi wakifa njiani kama inzi. Hakurudi tena kwao. Ibambi alikuta Kingwana, yaani Kiswahili kilichofika huko na misafara ya watu wa pwani kabla ya misheni yake. Watu wakamwita Bwana Mukubwa. Nalisikia jina hilo vibaya kidogo; hata mabwana shamba wetu tuliwaita hivyohivyo. Miaka hiyo ya 1920 Wabelgiji walikuwa wakiwalazimisha wanavijiji wa Uele kulima pamba. Nili, mkonge, pamba.

Wala wenzake hawakumwabudu. Aliwataka wafanye kazi kama yeye, saa kumi na nane kwa siku, akaandika kijitabu cha maneno makali kilichowachukiza wafadhili, na ugonjwa ulimfanya atumie mofini. Kamati ya misheni yake ikagombana naye.

Kinachonikwama ni Priscilla. Babu alimwacha bibi Handeni msimu mzima, lakini mvua zikianza alirudi, na kanga na chumvi begani. Priscilla alibaki Uingereza akiendesha ofisi ya misheni, na tangu 1916 alikuja Kongo mara moja tu, mwaka 1928, akakaa wiki mbili. Alifariki Januari 1929 huko Malaga, Hispania. Bwana Mukubwa alimfuata Julai 1931, akazikwa Ibambi.