Saa 72: Historia ya Kinga Dhidi ya Kutopatana kwa Damu ya Mama na Mtoto, na Maana Yake kwa Ibaba, Wilaya ya Ileje

Mama mwenye damu ya Rh hasi aliyejifungua mtoto mwenye Rh chanya hutakiwa kuchomwa sindano ya Anti-D ndani ya saa 72. Sehemu hii inatoa hoja kwamba ukomo huo umetokana na historia ya utafiti, wala si mpaka uliowekwa na maumbile, na kwamba tofauti hiyo ina uzito mkubwa mahali kama Ibaba.

Mwaka 1939, Philip Levine na Rufus Stetson wa New York walieleza habari za mwanamke aliyejifungua mtoto mfu, kisha akadhurika alipoongezewa damu ya mumewe. Mwaka 1940, Karl Landsteiner na Alexander Wiener walitangaza ugunduzi wa Rh. Ilibainika kwamba seli za mtoto zikiingia katika damu ya mama, hasa wakati wa kujifungua, mwili wa mama huweza kutengeneza kingamwili. Kwa kawaida mtoto wa kwanza husalimika; wanaofuata ndio hupatwa na upungufu wa damu na umanjano, au hufia tumboni. Hivyo basi, mtafiti wa Nyanda za Juu Kusini asitarajie kuukuta ugonjwa huu kwa jina lake katika kumbukumbu za kabla ya 1940. Kinachoweza kumwongoza ni mfuatano wa uzazi: mzaliwa wa kwanza mzima, na wadogo zake kufa mmoja baada ya mwingine.

Tiba ya awali ilikuwa kumbadilishia damu mtoto aliyekwisha kuzaliwa. Mwaka 1963, William Liley wa Auckland alifanikiwa kumwongezea damu mtoto akiwa bado tumboni. Kinga yenyewe ilitokana na kazi ya makundi mawili ya watafiti, la Liverpool na la New York. Kundi la New York liliwajaribu wafungwa waliojitolea katika gereza la Sing Sing, na utaratibu wa gereza uliwabana watafiti kuhusu siku za kuingia. Kingamwili iliyotolewa saa 72 baada ya seli ilionekana kukinga. Muda huo ukaingia katika miongozo. Marekani iliidhinisha dawa hiyo mwaka 1968. Kilichothibitishwa, kwa hiyo, ni kwamba saa 72 zinatosha; haikuthibitishwa kwamba saa ya 73 haifai.

Ibaba imo Ileje, wilaya ya milima inayopakana na Malawi, katika mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Kituo cha damu salama cha kanda kiko Mbeya. Wenye Rh hasi ni takriban asilimia 15 miongoni mwa watu wa asili ya Ulaya, lakini Afrika Mashariki ni wachache zaidi. Uchache huo haumpunguzii mama hatari. Dawa isiyohitajika kila siku ndiyo huwa rahisi kukosekana. Ndani ya saa 72 hutakiwa kundi la damu la mtoto lijulikane, dawa ipatikane na safari ikamilike.

Miongozo ya Uingereza huruhusu sindano hadi siku 10 pale muda unapopita, ingawa kuwahi ni bora zaidi. Kwa hiyo, mama aliyefika siku ya 5 hastahili kurudishwa mikono mitupu. Kumrudisha ni kuigeuza ratiba ya gereza kuwa hukumu juu ya watoto watakaofuata.