Kuzimu si Jehanamu (Sehemu ya 3)

Ndugu zangu, wodini mgonjwa akizidiwa huwa anauliza, "Sista, nitaenda kuzimu?" Leo tutenganishe maneno mawili.

Kuzimu, kwa Waebrania Sheoli, yalikuwa makao ya wafu wote, wema kwa wabaya. Yakobo mwenyewe, alipodhani Yusufu kafa, alisema atashuka huko akiomboleza. Hades ya Wagiriki nayo ilipokea kila mtu. Wababeli walisema wafu hula vumbi, na wafalme wapo humo humo.

Jehanamu ni nyingine. Jina limetokana na Bonde la Hinomu, Yerusalemu, ambako Biblia inasema watoto walichomwa kama sadaka. Baadaye likawa jina la moto wa adhabu, likatufikia kupitia Kiarabu.

Basi ukiuguza mtu, usimtishe kwa kuyachanganya. Mshike mkono kwanza.