Cheti cha Wanyonge: Tarehe Fupi ya Zabuni za Serikali ya Marekani

Serikali ya Marekani hununua kila kitu, tangu meli za vita hata kalamu za makarani, na aghalabu fedha za ununuzi huo huishia mikononi mwa makampuni makubwa, ambayo yana mtaji wa kungojea malipo na wanasheria wa kuzisoma zabuni. Hofu ya kwamba viwanda vidogo vitaangamia ilidhihiri wakati wa Vita Kuu ya Pili, hata mwaka 1942 Bunge likaunda shirika lililopewa idhini ya kupokea kandarasi za vita kwa jina lake lenyewe, kisha kuzigawa kwa wenye karakana ndogo. Hila hiyo njema ilihifadhiwa katika Sheria ya Biashara Ndogo, aliyoitia sahihi Rais Eisenhower mwaka 1953, na baadaye ikakaa kwenye kifungu cha 8(a). Lakini katika miaka ile ya mwanzo sheria ilitazama udogo wa biashara tu, haikuuliza mwenyewe ni nani.

Swali hilo lililetwa na moto. Baada ya ghasia za Newark na Detroit katika mwaka 1967, Tume ya Kerner ilinena waziwazi, mwaka uliofuata, kuwa ubaguzi na ufukara ndivyo vilivyozaa machafuko. Ndipo maofisa wa mamlaka ya serikali inayosimamia biashara ndogo walipoanza kukitumia kifungu kile kuwapa kandarasi watu waliofungiwa milango ya biashara kwa dhuluma ya rangi. Mwaka 1978 Bunge likauthibitisha mwendo huo kwa sheria, likiwataja Waamerika Weusi, wenye asili ya Kihispania na wenyeji asilia wa nchi. Sharti lilikuwa kwamba asilimia 51 ya biashara, kwa uchache, iwe milki ya mnyonge mwenyewe, naye awe ndiye mwenye amri ya shughuli za kila siku.

Walakini penye cheti cha unyonge chenye thamani, wenye kukighushi hawakosekani. Kampuni ya Wedtech, huko Bronx, ilijipatia kandarasi nono za jeshi kwa hati zilizomwonyesha mshirika mmoja kuwa na hisa nyingi kuliko alizokuwa nazo kwa hakika. Ikafilisika mwaka 1986, na mbunge Mario Biaggi akawa miongoni mwa waliotiwa hatiani. Kwa sababu hiyo sheria ya mwaka 1988 ililazimisha mashindano katika kandarasi kubwa, na kuweka ukomo wa miaka 9 kwa kila kampuni kukaa katika mpango huo.

Wanajeshi wa zamani walikumbukwa baadaye. Mwaka 1999 Bunge liliweka lengo kuwa asilimia 3 ya thamani ya kandarasi iwaendee waliopata ulemavu katika utumishi, lakini lengo lisilo na nyenzo halikufaa kitu, na ndipo ruhusa ya kuwatengea zabuni ilipotolewa mwaka 2003. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu, katika shauri la Kingdomware, iliamua kwa kauli moja kuwa Idara ya Wanajeshi wa Zamani haina hiari ya kuwapita. Nayo kazi ya kutoa vyeti vyao ikahamishiwa mamlaka ya biashara ndogo tangu Januari 2023, na lengo lenyewe likapandishwa hadi asilimia 5.

Mwaka huo huo wa 2023 mahakama moja ya shirikisho huko Tennessee ilizuia, katika mpango wa kifungu cha 8(a), dhana ya kuwa mtu ni mnyonge kwa asili yake pekee, ikawa kila mwombaji hana budi kueleza kwa maandishi madhila yaliyompata yeye binafsi. Kwa hivyo, atakaye kuupima mpango wa namna hii, Marekani au kwingineko, asihesabu vyeti vilivyotolewa; na atazame ni nani anayeajiri, ni nani anayetia sahihi hundi, na faida inaingia mfukoni mwa nani.